Barua ya Wazi kwa Watengeneza Filamu Wetu: Mgonjwa Halali na Wanja

Kwa waandishi wa miswada, waongozaji, watayarishaji na wasambazaji wa filamu za Kiswahili, Dar es Salaam na popote mlipo.

Ndugu zangu,

Najua kazi yenu si lelemama. Mnakesha lokesheni, mnakimbizana na mvua na genereta, na mwezi ukiisha wengi wenu hamna cha kuonyesha. Siandiki kuwadharau. Nimewatazama tangu enzi za kanda za VHS, nimenunua kazi zenu, nimewatetea mbele ya watu wanaowacheka, na sasa nimefika mahali ambapo nikinyamaza nitakuwa nawanyima haki yenu ya kuambiwa.

Mimi ni muuguzi. Niko wodini tangu mwaka 2005, hapa Morogoro, na miaka mingi kati ya hiyo nimekuwa wodi ya wanaume. Mwezi uliopita, zamu ya jioni, televisheni ya wodini ilikuwa inaonyesha muvi ya hapa hapa nyumbani. Wagonjwa wenye nguvu wamegeuza shingo, ndugu walioleta uji wamesimama na mabakuli mkononi. Ikafika sehemu ya hospitali. Mama wa kwenye muvi amelala, nywele za bandia zimechanwa vizuri, wanja machoni, kope za kubandika, dripu imegandishwa kwa plasta juu ya mkono wa gauni. Daktari akatoka, akavua miwani, akasema wamejitahidi kadiri ya uwezo wao. Binti akapiga yowe, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, na muziki ukapanda mpaka spika ya televisheni ikakoroma.

Kitanda namba 6 alilazwa mzee mwenye maradhi ya figo. Mkewe, mama wa miaka sitini na kitu, alikuwa amekaa chini kwenye khanga akimenya chungwa. Alitazama mpaka binti alipoanguka mara ya pili, kisha akaniita. "Mwanangu, hebu tubadilishie. Hao wanatuchezea."

Hakusema muvi ni mbaya. Hakusema inaboa, kama vijana wangesema. Alisema wanatuchezea. Nilibadilisha, lakini neno lile nimerudi nalo nyumbani, nimelala nalo, na ndilo limenikalisha mezani kuwaandikia haya.

1. Hamtutazami kabla ya kutuigiza.

Nimewapa watu habari za msiba mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wapo wanaopiga yowe, sikatai. Lakini wengi hawafanyi hivyo, na hata wanaopiga yowe hawaanzi na yowe. Asubuhi moja alikuja baba mmoja na chai ya mwanawe, kijana aliyefariki alfajiri. Tulimkalisha, tukamwambia. Akaitikia, "Sawa." Akaitazama chupa ya chai aliyoishika. Kisha akaniuliza kama chupa aliyoiacha jana ipo, maana ile ni ya jirani, na jirani ataitaka. Nikaenda kuitafuta, nikaikuta chini ya kitanda, nikamletea. Akaifungua, akamwaga mabaki kwenye sinki, akaiosha, akaifunga. Akaifungua tena, akaiosha upya. Ni katika kuiosha mara ya pili ndipo mabega yalipoanza kutikisika.

Ningeiona hiyo kwenye muvi yenu nisingehitaji muziki. Nanyi msingehitaji kamera ya bei mbaya kuipiga. Anatakiwa tu mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali siku mbili akatazama.

Sasa nitawaambia filamu iliyonivunja. Ni Supa Modo ya mwaka 2018, ya Mkenya Likarion Wainaina. Mtoto wa kike anaitwa Jo, ana miaka 9, anaumwa ugonjwa usiopona, na anapenda muvi za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitalini anamrudisha nyumbani kijijini. Dada yake anaanza kumdanganya kwamba ana nguvu hizo kweli, na mwishowe kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo ili kumtengenezea mtoto muvi yake kabla hajaondoka. Mama ni mkunga. Hilo peke yake lilinitosha: mwanamke anayepokea watoto wa wenzake hana la kufanya kumzuia wa kwake asiondoke. Nilikuwa naitazama kwenye kompyuta ya mpwa wangu. Nilimwambia aisimamishe, nikatoka uani, nikakaa karibu na karo mpaka nikaweza kurudi.

Kilichonigusa si kwamba mtoto anakufa. Watoto wanakufa kwenye muvi zenu pia. Ni kwamba kila mtu mle ndani anaogopa kwa namna yake. Mama anaogopa kwa ukali. Dada anaogopa kwa uongo. Majirani wanaogopa kwa kujitolea kupita kiasi. Hivyo ndivyo watu wanavyougua na kuuguza. Yeyote aliyeandika yale alikuwa amemtazama mtu.

Ombi langu la kwanza: ukiandika mahali, nenda mahali hapo. Ukiandika hospitali, mwite muuguzi asome kurasa zako. Ukiandika gereji, mwite fundi. Tutakuja. Wengi wetu tutakuja hata bila malipo, kwa soda na nauli.

2. Mnatueleza kila kitu, kana kwamba sisi ni wazito wa kuelewa.

Gari linafika getini. Linapiga honi. Mlinzi anatoka, anachungulia, anafungua upande mmoja wa geti, anafungua upande wa pili. Gari linaingia, linaegeshwa, linazimwa. Mtu anashuka, anafunga mlango, anavuka ua, anabisha hodi, anakaribishwa, anakaa, anaulizwa atakunywa nini, juisi inaletwa. Dakika nne zimekwisha, na neno alilokuja kulisema ni moja: Jumamosi hatakuja.

Au simu. Mtu anaongea na simu na kurudia kwa sauti kila anachoambiwa, ili sisi tusipitwe. Au mwanamke anagundua mume ana mwanamke mwingine, tumeona meseji, tumeona uso wake, tumeelewa. Halafu anasimama katikati ya sebule peke yake na kujieleza kwa maneno kwamba ameumia kwa sababu mume wake ana mwanamke mwingine.

Hapa naomba niwakumbushe jambo ambalo huenda wengi wenu hamjapata kuambiwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa filamu huko Vugiri, milimani karibu na Korogwe. Walitengeneza picha za kutufundisha kilimo, afya na kuweka akiba posta, wakazizungusha kwa gari ili watu wakazione. Wazo lililotawala filamu za kikoloni enzi hizo na miaka iliyofuata lilikuwa kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayobadilika haraka. Kwamba mtu akionekana chumbani kisha akaonekana sokoni, tutashindwa kujua amefikaje. Kwa hiyo picha iende taratibu, na kila hatua ionyeshwe. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilishika kichwa. Wale walikuwa wageni waliokuja kututawala, hawakutujua. Ninyi ni watoto wa mtaa mmoja nasi. Mbona geti linafunguliwa pande zote mbili?

Nimekulia kibandani, kile mnachokiita kibanda umiza. Mwaka 1993, Bara tukiwa bado hatuna kituo cha televisheni, mtaani kwetu kulikuwa na banda la mabati, deki moja, genereta nje na mabenchi ya mbao za mnazi. Nilikuwa na miaka 12. Tulitazama picha za Hong Kong na za Kihindi bila tafsiri yoyote. Hatukujua neno hata moja, na tulijua kila kitu: nani kamuua baba wa steringi, nani msaliti, lini kisasi kitalipwa. Mtoto mkubwa akimwelezea mdogo, anapigwa kofi anyamaze, maana anaharibu. Baadaye zikaja kanda za marehemu Lufufu, aliyekuwa akitafsiri kwa sauti yake mwenyewe, na hata yeye, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kueleza, alijua pa kunyamaza ili ngumi iongee.

Hao ndio watazamaji wenu. Ndio sisi. Tumelelewa na picha. Tuachieni nusu ya kazi, tutaifanya kwa furaha.

3. Sauti.

Sitaongea sana hapa. Picha yenye ukungu naivumilia. Uigizaji wa kujifunza naufurahia, kila mtu alianza mahali. Lakini nikiwa siwasikii, nitatazama nini? Upepo unavuma kwenye maiki, feni inazunguka, jogoo wa jirani anawika katikati ya posa, na juu ya hayo yote kinanda kinapigwa tangu mwanzo mpaka mwisho kama kinaogopa kunyamaza. Kama mna hela ya kitu kimoja tu, nawasihi, iwe sauti. Na zimeni kinanda. Mkishindwa kukizima, kishusheni pale mtu anapoongea.

4. Angalieni mnawafanya nini watu wanyonge.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na nitalisema polepole.

Nyumbani kwangu anaishi binti anayenisaidia kulea wanangu. Jioni tunatazama pamoja. Siku moja kwenye muvi alitokea dada wa kazi: nguo zimechanika, kichwa hakijachanwa, anaongea kwa lafudhi ya kuchekesha, anakula makombo akiwa amechuchumaa jikoni, na ilipofika katikati ya hadithi akawa anamtega baba mwenye nyumba. Binti wangu alicheka kuliko sisi sote. Muvi ilipoisha, wakati tunafunga madirisha, akaniuliza, "Mama, na wewe unanionaga hivyo?"

Nilimjibu, lakini hata leo sijaridhika na nilivyomjibu.

Mtu wa kijijini kwenu ni mjinga wa kuchekwa. Anashangaa lifti, anaogopa simu. Mimi nahudumia watu wa Mvomero, Kilosa na Ulanga kila wiki. Wanakuja na simu mbili na fedha za matibabu zimefungwa kwenye pindo la khanga, wamehesabu nauli ya kurudi, wanajua bei ya mpunga sokoni kuliko mimi. Hakuna mjinga hapo.

Halafu bibi mchawi. Bibi mzee, amekaa gizani, macho mekundu, na kamera inayasogelea yale macho ili tutetemeke. Ndugu zangu, mnajua kwamba kule Kanda ya Ziwa bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu? Macho yale yamefanywa mekundu na moshi. Ukipikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa miaka hamsini, macho yako yatakuwa hivyo hivyo. Muuguzi yeyote atawaambia. Ninyi mna uhuru wa kutengeneza muvi ya kutisha, na mimi naipenda muvi ya kutisha, natazama nimejifunika shuka. Lakini mkichukua macho ya bibi yangu kuwa alama ya uchawi, mnampa mtu mwenye panga sababu nyingine. Sijui namna ya kulisema hili kwa upole zaidi.

Na ugonjwa wa Ukimwi. Nimeona muvi nyingi sana ambazo mwanamke aliyetembea nje ya ndoa anaanza kukohoa, sehemu inayofuata amekonda, inayofuata tunazika. Ugonjwa umekuwa hakimu wenu wa kuwaadhibu wanawake. Sasa njooni upande wangu wa meza. Kijana anapimwa, anakutwa na maambukizi, namweleza kuhusu dawa za kufubaza virusi, kwamba zinatolewa bure, kwamba akizitumia vizuri atafanya kazi, ataoa, atazaa. Ananitazama. Haniamini. Kichwani ana picha, na picha ile haikuwekwa na mimi. Nina saa moja ya kuifuta, kumbe yeye ameitazama tangu utotoni. Kuna waliorudi nyumbani wakiwa wameamua kwamba wamekwisha kufa, hawakuchukua hata kopo la kwanza.

Ombi langu hapa ni zito na nalisema waziwazi. Acheni kabisa macho mekundu ya bibi. Acheni kuua kwa Ukimwi kana kwamba tuko mwaka 1990. Onyesheni mtu anayemeza dawa yake saa mbili usiku na kuendelea na ugomvi wake wa ndoa kama watu wengine. Na kabla hamjamvalisha dada wa kazi nguo iliyochanika, mwulizeni aliyeko jikoni kwenu anavaa nini.

5. Malizieni hadithi.

Ilikuwa desturi ya wakati wa santuri za DVD: hadithi ya saa moja inavutwa iwe sehemu ya kwanza na ya pili, ili tununue mara mbili. Tulinunua. Mara ngapi nimetoka kazini nimechoka, nikapita dukani kutafuta sehemu ya pili, nikakuta sehemu ya pili ni magari na mageti yale yale na kisha, kumbe, ilikuwa ndoto? Leo santuri zimekufa, mmehamia kwenye simu, na desturi imehama nanyi. Mwandishi asiyejua hadithi yake inaishaje asianze kupiga picha. Mseme mlichotaka kusema, dakika sitini zikitosha ziwe sitini.

6. Najua mtaniambia habari ya pesa.

Mtasema hao Wakenya ninaowasifia walishikwa mkono na Wajerumani. Ni kweli. Supa Modo na Nairobi Half Life zote mbili zimetokana na mpango wa One Fine Day Films, unaowaleta wataalamu kuwafundisha vijana wetu na kutafuta fedha. Sidharau jambo hilo, na natamani serikali yetu na wenye makampuni wangeweka fedha namna hiyo hapa.

Lakini hebu tuitazame Nairobi Half Life yenyewe, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Kijana anaitwa Mwas. Kijijini kwao anauza santuri za muvi, na ili auze anaigiza vipande vyake mbele ya wateja, anaruka, anapiga kelele, anakuwa askari na adui kwa wakati mmoja. Nilipoona hivyo nilipiga makofi peke yangu, maana nilimjua. Kila kibanda kilikuwa na kijana wa namna hiyo. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, siku ya kwanza anaibiwa, anaishia mahabusu, na huko analazimishwa kusafisha choo. Choo kile! Nimesafisha mengi katika kazi yangu, na bado niligeuza uso. Lakini Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, anakiingia choo kile kwa namna ambayo unaona kijana akiamua kutokufa. Alipewa tuzo ya mwigizaji bora kule Durban, na ilimstahili.

Sasa niambieni, ni nini hapo kilihitaji fedha nyingi? Choo kichafu tunacho. Kijana mwenye kipaji tunaye. Kilichokuwepo na kwetu hakipo ni mtu aliyesema: tubaki hapa, tusikimbilie sehemu inayofuata, tumtazame huyu mtoto mpaka tumjue.

Na sisi pia tumewahi. Nitaisifia T-Junction ya Amil Shivji, ya mwaka 2017, kwa sababu wasichana wake wawili wanakutana hospitalini, na hadithi inajengwa kwa mmoja kumsimulia mwenzake. Hivyo ndivyo wodi zinavyokuwa. Watu wasiojuana wanapeana maisha yao yote kati ya saa ya dawa na saa ya chakula, kisha mmoja anaruhusiwa na hawaonani tena. Na hata katika zile za zamani za kupiga wiki moja, ambazo majina yake yamenitoka, nakumbuka moja ambayo mama anamsubiri mwanawe usiku, chakula amekifunika kwa kawa mezani, na kila akisikia hatua nje anainua kawa kidogo kuangalia kama kimepoa. Haikugharimu hata senti. Miaka imepita na bado naliona lile kawa.

7. Zile nzuri hazitufikii.

Mwaka 2021 tulisikia kwamba Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, imeonyeshwa Toronto, na baadaye kwamba ndiyo iliyopelekwa na Tanzania kugombea Oscar. Mimi riwaya ile niliisoma kidato cha sita. Yasmin, aliyeozwa kwa mwanamume asiyempenda na kuikimbia ndoa ile. Denge, kijana wa siasa anayewindwa na serikali ya kikoloni. Mwajuma na nyumba yake ya wazi kwa kila mtu. Nilikuwa nao kichwani tangu usichana. Ilipofika Dar es Salaam nilibadilishana zamu, nikapanda basi, kilomita kama 190, nikaingia ukumbini nikiwa na mfuko wa nguo.

Sikupenda kila kitu. Sisi wasomaji wa kitabu tulitamani muda zaidi na Denge, na kuna mahali picha ni nzuri mpaka inasahau kusonga. Lakini jamani, Kiswahili kile! Watu wanaongea Kiunguja chao bila kukimbilia Kiingereza wakikasirika. Vivuli vya mabaraza, taarabu inayoingia kwa sababu yupo mtu anayeiimba, ukimya kati ya watu wawili wanaotamaniana na hawathubutu. Karibu yangu alikaa mzee amevaa kofia ya kiua, na kila wimbo ulipoanza alikuwa akigonga goti kwa kidole kimoja. Nilitoka pale nikiwa nimejivuna, natembea kama mtu aliyesifiwa hadharani.

Niliporudi wodini niliwasimulia wenzangu. Wakauliza wataionea wapi. Sikuwa na jibu. Mzee wa kofia ya kiua yuko Dar es Salaam. Wazee wa Kilosa je? Hivi inakuwaje mtu wa Toronto aione Unguja kabla ya mtu wa Ifakara?

Ninawaomba wasambazaji jambo linalowezekana. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lilikwisha kuonyesha njia, lilipotoa picha nje ya Ngome Kongwe ya mjini na kuzipeleka vijijini Unguja na Pemba. Kitambaa cheupe, projekta, spika mbili, uwanja wa shule. Wekeni kiingilio cha elfu moja. Zungukeni na filamu moja nzuri mikoa mitano, muone kama hatutajaa. Wenye vibanda wapo mpaka leo, wanaonyesha mpira. Waendeeni, waulizeni siku zisizo na mechi wanafanya nini.

Nawaambia haya kwa sababu saa imekwenda. Mnakumbuka Aprili 2012, mwigizaji Steven Kanumba alipofariki? Umati uliojaa viwanja vya Leaders pale Kinondoni haukuwa wa udadisi. Siku ile wodini kwetu wagonjwa waliomba redio iwekwe juu, na mzee mmoja aliyekuwa hajala siku mbili alinitaka nimsomee gazeti. Watu walilia kwa sababu walimpenda, na walimpenda kwa sababu alikuwa wa kwao, alisema lugha yao, alivaa kama wanavyotamani kuvaa. Mlikuwa na watu namna hiyo mikononi mwenu.

Leo mpwa wangu, yule mwenye kompyuta, ukimtajia muvi ya Bongo anasema, "Hapana, shangazi." Anatazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na za Kikorea. Anajua mitaa ya Istanbul. Anajua jinsi Wakorea wanavyowaamkia wazee wao. Ana miaka 17, ni mtazamaji makini kuliko mimi, anaona hata kivuli cha maiki ukutani. Simlaumu. Lakini kuna jioni namtazama akiwa amekaa pale, anayajua mapenzi, misiba na ugomvi wa watu wa mbali kwa undani kabisa, na najiuliza ni nani atamwonyesha wa kwao.

Basi, ndugu zangu, nawakaribisha. Ninaposema nawakaribisha, nimemaanisha. Saa ya kuona wagonjwa ni saa kumi jioni. Pitieni kwanza kwa uongozi wa hospitali kuomba ruhusa, maana wagonjwa wana staha yao, mimi nitawasindikiza. Njooni bila kamera, mara ya kwanza msipige picha yoyote. Kuna benchi refu la mbao kando ya mlango wa wodi, linalotazama sinki. Kaeni pale.

Yule mzee wa kitanda namba 6 aliruhusiwa Jumatano. Mkewe alikuja kunishika mkono, mfuko wa nguo kichwani, akaniuliza kama wale wenye picha zao nimekwisha kuwaambia. Nikamjibu, bado mama, ninaandika.

Wenu katika kutazama,

Muuguzi, Morogoro